Ken Dryden, kipa aliyekumbukwa akiwa amesimama

Ipo picha moja ambayo shabiki wa hoki ya barafuni aliyekula chumvi kidogo ataitambua hata ukimwonyesha kivuli chake tu. Mtu mrefu, sentimita 193, amesimama mbele ya lango, miguu imefungwa mapedi makubwa. Gongo amelisimamisha wima juu ya barafu, glavu zote mbili amezipandanisha kwenye ncha yake ya juu, na kidevu amekiegemeza juu ya glavu. Usoni ana barakoa yenye miviringo ya bluu, nyeupe na nyekundu. Mchezo umesimama kwa muda. Anatazama mbele kama mzee anayeisoma bahari kabla ya kushusha ngalawa.

Huyo ni Ken Dryden, golikipa wa Montreal Canadiens, klabu ya Kanada katika ligi ya NHL, aliyefariki dunia Septemba 5, 2025 kwa saratani akiwa na miaka 78. Klabu ilitoa taarifa kesho yake, Jumamosi, na tangu hapo Wakanada wakawa wanapeana habari za msiba wakiisindikiza na picha ileile. Hawakuchagua kwanza picha ya kipa akiruka, wala akidaka mchomo uliokuwa unakwenda wavuni. Walichagua picha ya mtu aliyetulia.

Mshambuliaji akifa hukumbukwa kwa magoli yake, na kipa wa soka hukumbukwa kwa michomo aliyookoa. Inakuwaje kipa aliyetwaa makombe 6 akumbukwe kwa dakika ambazo hakuwa na kazi? Jibu lake si fupi, kwa sababu picha hiyohiyo wanayoipenda mashabiki ndiyo pia hoja kuu ya wanaosema Dryden alibebwa na timu. Kuufungua msiba huu ni lazima kwanza tufungue ubishi huo.

Tuanze na mchezo wenyewe. Kwetu neno hoki huleta picha ya mpira wa magongo wa nyasini, ule ambao Kenya iliucheza hadi ikashika nafasi ya 4 kwenye Kombe la Dunia la 1971. Wa barafuni ni ndugu yake mwenye hasira. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye vyuma chini, na badala ya mpira wanagombania paki, kisahani kigumu cha gramu 170 hivi ambacho kinaweza kusafiri kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Nairobi kuna wanaoucheza: vijana wa Ice Lions walijifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Lakini nchini Kanada mchezo huu uko kwenye damu, kama soka ilivyo Kariakoo.

Kila timu huwa na wachezaji watano wa ndani na kipa. Wale watano hawakai. Wanaingia kwa kasi, wanachoka ndani ya dakika moja au pungufu, wanatoka, wengine wanaingia huku mchezo ukiendelea. Kipa peke yake habadilishwi hivyo. Anakaa langoni vipindi vyote vitatu, dakika 60. Akifungwa, taa nyekundu huwaka nyuma yake, uwanja mzima uone. Akiokoa, mchezo unaendelea kama kawaida. Ndiyo maana shabiki humjua kipa wake kuliko anavyomjua mchezaji mwingine yeyote: wengine wanapita machoni, huyu yupo muda wote, na anaonekana hata pale ambapo hakuna kinachotokea.

Sasa ubishi. Takwimu za Dryden ukizisoma haraka utadhani kuna kosa la uchapaji. Katika mechi 397 za msimu wa kawaida, yaani kabla ya mtoano, alishinda 258, akapoteza 57 tu, sare 74; nane zilizobaki matokeo hayakuandikwa kwa jina lake. Mechi ambazo hakuruhusu goli hata moja ni 46. Yaani mechi ambazo nyavu zake hazikutikisika kabisa zinakaribia kulingana na mechi zote alizowahi kupoteza katika ligi. Wastani wake wa kufungwa ni magoli 2.24 kwa dakika 60. Alicheza misimu 8, akabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo, mara 6: 1971, 1973, 1976, 1977, 1978 na 1979.

Mpinzani wa hoja atakuuliza: mbele yake walisimama nani? Na hapo ana haki. Mabeki wake walikuwa Larry Robinson, Serge Savard na Guy Lapointe, watatu ambao timu nyingi zingefurahi kumpata mmoja wao tu. Mbele kulikuwa na Guy Lafleur, Jacques Lemaire, Steve Shutt, na Bob Gainey aliyekuwa mshambuliaji anayekaba kuliko mabeki wengi. Kwenye benchi alisimama kocha Scotty Bowman. Msimu wa 1976-77 timu hiyo ilicheza mechi 80 za msimu wa kawaida ikapoteza 8. Isitoshe, ligi ilikuwa imetanuka kutoka timu 6 hadi 12 mwaka 1967, na ikafika 18 ifikapo msimu wa 1974-75, huku ligi nyingine pinzani ikianza kunyakua wachezaji kuanzia 1972. Wababe wachache walikuwa wakikutana na timu dhaifu nyingi.

Kuna na jambo la tuzo ambalo wengi hulisahau. Dryden alipata Tuzo ya Vezina mara 5, na leo ukisikia Vezina unaelewa ni kipa bora wa msimu aliyechaguliwa kwa kura. Enzi zake haikuwa hivyo. Ilikuwa inakwenda kwa kipa, au makipa, wa timu iliyofungwa magoli machache zaidi. Ndiyo sababu mara tatu za mwisho, 1977 hadi 1979, aligawana tuzo hiyo na Michel Larocque, kipa wa akiba. Kura zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu anayezihesabu Vezina zake kana kwamba ni kura 5 za kumtangaza bora anachanganya kipimo cha timu na kipimo cha mtu. Nalisema hili japo mimi ni miongoni mwa wanaompenda, kwa sababu sifa isiyo na ukweli haimfai marehemu.

Hata ule wastani wa 2.24 una timu ndani yake. Kipa anayepigiwa michomo 20 na anayepigiwa 40 hawafanyi kazi sawa hata wote wakifungwa mawili. Kipimo kinachokaribia haki zaidi ni asilimia ya michomo iliyookolewa, na ya Dryden ni 92.2, kwa enzi ambayo makipa wengi hawakufika 90. Namba hiyo inaupunguza ubishi bila kuumaliza, maana beki mzuri hapunguzi tu idadi ya michomo. Humfanya mpigaji apige kutoka pembeni, akiwa amebanwa.

Basi picha ya mtu aliyeegemea gongo inasomwa namna mbili. Mmoja anaona utulivu wa bingwa. Mwingine anaona mlinzi wa geti kwenye jumba ambalo mwizi hafiki. Bahati nzuri, maisha yenyewe ya Dryden yalitupa nyakati mbili za kupima.

Wa kwanza ni Aprili 1971. Dryden alikuwa na miaka 23, mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha McGill, akitokea Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani ambako alisoma historia na kupoteza mechi 4 tu katika miaka yake mitatu. Montreal ilimpandisha mwishoni mwa msimu, akacheza mechi 6 na kushinda zote. Sita tu. Kisha kocha Al MacNeil akamweka langoni kwa hatua ya mtoano, akamwacha benchi kipa Rogie Vachon aliyekuwa na makombe mkononi. Na aliyewasubiri raundi ya kwanza hakuwa mtu wa kujaribia kipa mpya. Boston Bruins ndio waliokuwa mabingwa watetezi. Msimu ule walikuwa wamefunga magoli 399 katika mechi 78, rekodi ya ligi wakati huo. Phil Esposito peke yake alikuwa na magoli 76. Bobby Orr, ambaye alikuwa beki, alikuwa ametoa pasi za magoli 102.

Montreal ile haikuwa bado ile ya baadaye. Mechi ya pili walikuwa nyuma 5-1 mjini Boston wakageuza wakashinda 7-5. Mfululizo huo, ambao anayetangulia kushinda mechi nne husonga mbele, ukaenda hadi mechi ya saba, na mechi hiyo ikachezwa ugenini Boston. Montreal wakashinda 4-2. Halafu wakawatoa Minnesota, halafu Chicago kwa mechi saba nyingine. Dryden alisimama langoni mechi zote 20 za mtoano, akabeba kombe na Tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Calder, ya mchezaji bora chipukizi, maana mechi 6 zilikuwa chache mno kumtoa kwenye kundi la wanaoanza. Hakuna mwingine aliyezipata tuzo hizo mbili kwa mpangilio huo. Mtu aliyeshuhudia Aprili ile alikwisha kuyaona majibu yake: kijana aliyerushiwa moto na timu kali kuliko zote, mbele yake kukiwa na ulinzi wa kawaida, akasimama.

Wakati wa pili ulikuja kwa kutokuwepo kwake. Baada ya kombe la 1973 alitofautiana na klabu kuhusu mkataba. Hakupiga kelele nyingi, aliondoka. Alikwenda Toronto kufanya mafunzo ya uwakili katika ofisi ya mawakili, kwa mshahara ambao mchezaji wa kiwango chake angeuona kama nauli. Msimu wa 1972-73, Dryden akiwepo, Montreal ilifungwa magoli 184 katika mechi 78. Msimu wa 1973-74, bila yeye, mechi zilezile 78, magoli yakawa 240, na timu ikatolewa raundi ya kwanza. Magoli 56 zaidi. Siwezi kudai yote 56 ni yake, kwa kuwa timu haiwi ileile miaka miwili mfululizo, na aliporudi msimu uliofuata hakuwa mkali mara moja. Lakini mabeki wale walikuwepo mwaka ule wote, na hawakutosha.

Kwa maoni yangu ubishi unaishia hapa. Timu ilimrahisishia kazi, naye aliifanya kazi ambayo urahisi wake ni mtego. Kipa anayepigiwa michomo 40 anapata moto mwilini, mikono inakumbuka. Anayepigiwa mmoja kila dakika nne anaganda. Akili inatangatanga, misuli inapoa, halafu ghafla Orr yuko mbele yake peke yake. Kubaki tayari baada ya kusubiri hivyo ni kipaji cha peke yake, na mkao ule wa kuegemea gongo ndio sehemu pekee ambapo kipaji hicho kilionekana kwa macho. Shabiki aliyekaa jukwaani hakuweza kuona umakini wa Dryden. Aliweza kuona kidevu juu ya gongo. Watoto wa Kanada waliucheza mkao huo barabarani, wakiegemea magongo yao mbele ya malango, kabla hawajajua hata kudaka.

Mechi za 1972 kati ya Kanada na Umoja wa Kisovyeti zinaonyesha upande mchungu wa kazi hiyo. Mechi ya kwanza, Septemba 2 mjini Montreal, Dryden alifungwa 7 na nchi ikapigwa na butwaa. Wasovyeti hawakupiga haraka. Walipasiana kwa upana hadi kipa aliyezoea kutoka nje ya lango akajikuta hayupo mahali pake. Alilazimika kujifunza upya, akirudi ndani zaidi ya lango. Mechi ya nane na ya mwisho, Moscow, Septemba 28, alikuwa tena langoni. Hadi mwisho wa kipindi cha pili Kanada ilikuwa nyuma 5-3. Kisha ikafunga matatu, la mwisho la Paul Henderson zikiwa zimebaki sekunde 34. Kila Mkanada wa rika lile anajua alikuwa wapi Henderson alipofunga. Wachache hukumbuka kwamba katika kipindi hicho cha tatu Dryden hakufungwa hata moja, na kwamba kama angefungwa lolote, goli la Henderson lisingekuwa la ushindi.

Mashabiki wa Montreal walikuwa na sababu ya ziada. Mji ule unaongea Kifaransa, na miaka ya 1970 lugha ilikuwa siasa na siasa ilikuwa moto. Dryden alikuwa Mwingereza kwa lugha, mzaliwa wa Hamilton, Ontario, aliyekulia viunga vya Toronto, mji wa mahasimu. Novemba 15, 1976, chama kilichotaka Quebec, jimbo la Montreal, ijitenge na Kanada kilishinda uchaguzi, na usiku huohuo Canadiens walikuwa wakicheza Montreal Forum. Matokeo ya uchaguzi yalionyeshwa kwenye ubao wa uwanja. Dryden aliandika baadaye jinsi jukwaa lilivyogawanyika, wengine wakisimama kushangilia, wengine wakibaki wamekaa kimya, wote wakiwa mashabiki wa timu moja. Ni kipa tu ambaye angeweza kuliona hilo vizuri, kwa kuwa ndiye anayekaa mahali pamoja akitazama. Alilitazama bila kumdharau yeyote, na watu wa pande zote mbili waliendelea kumwona wa kwao.

Kisha akaacha. Julai 1979, akiwa na miaka 31, baada ya kombe la nne mfululizo, alistaafu. Hilo lina uzito kwenye kumbukumbu kuliko inavyodhaniwa. Mashabiki hawakuwahi kumwona akizeeka langoni, akihamishwa timu, akifungwa magoli ya aibu. Hawakuwa na Dryden wa pili wa kumfuta wa kwanza. Jezi yake namba 29 ilistaafishwa Januari 29, 2007.

Ukitaka kuona tofauti, tazama mwezi uleule wa Septemba 2025. Siku chache baada ya Dryden walifariki makipa wengine wawili wa enzi yake: Ed Giacomin akiwa na miaka 86, na Bernie Parent akiwa na miaka 80. Parent aliipa Philadelphia makombe ya 1974 na 1975, na mwaka 1979 gongo lilipenya tundu la jicho la barakoa yake, kazi ikaisha siku hiyo. Giacomin hakuwahi kubeba kombe. Lakini mwishoni mwa Oktoba 1975 New York Rangers walimwacha baada ya miaka 10, Detroit wakamchukua, na Novemba 2 akarudi Madison Square Garden, uwanja wa Rangers, akiwa na jezi ya wageni. Mashabiki wa Rangers waliimba jina lake hadi wimbo wa taifa haukusikika, wakaizomea timu yao wenyewe usiku kucha. Giacomin alilia langoni. Detroit ikashinda 6-4 na jukwaa likafurahi. Mtu asiyejua mchezo huu angesema wamerukwa na akili. Mimi naona walikuwa wanamrudishia kipa wao muda aliowapa.

Kwa Dryden, watu walikuwa na maisha marefu ya baada ya barafu ya kuyakumbuka. Mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi pale Lake Placid, alikuwa mchambuzi wa televisheni Marekani ilipoifunga Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1983 aliandika kitabu kuhusu msimu wake wa mwisho, na wengi wanakihesabu miongoni mwa vitabu bora kuwahi kuandikwa kuhusu michezo. Aliongoza klabu ya Toronto Maple Leafs. Mwaka 2004 akachaguliwa mbunge, akawa waziri wa maendeleo ya jamii, akasaini makubaliano na majimbo yote 10 ya Kanada kuhusu malezi ya watoto wadogo. Serikali iliyoingia 2006 iliyafuta. Uzeeni alipigania jambo lisilopendwa na wakubwa wa ligi: kuwalinda wachezaji dhidi ya majeraha ya ubongo. Waziri Mkuu Mark Carney alipotoa salamu za rambirambi hakuwa anasoma tu karatasi ya itifaki. Yeye mwenyewe alikuwa kipa alipokuwa Harvard.

Kuna kipande cha habari hii kinachofika kwetu. Baba yake Dryden, Murray, alikuwa mtu wa biashara ambaye aliweka lami uwanja wa nyuma ya nyumba ili wanawe na watoto wa jirani wacheze. Safarini India alijikwaa gizani kwenye mwili wa mtoto aliyekuwa amelala barabarani. Mwaka 1970 yeye na mkewe Margaret wakaanzisha shirika la kuwapa watoto maskini kifurushi cha kulalia: godoro au mkeka, shuka, blanketi, chandarua, nguo, vifaa vya shule. Vifurushi hivyo vimegawiwa hadi Kenya, Uganda na Tanzania, na kila mtoto hupigwa picha akiwa na chake ili mchangiaji aone kilikokwenda. Baadaye shirika likaongozwa na kaka yake Ken, Dave, ambaye naye alikuwa kipa.

Ndugu hao wawili walikutana uwanjani kwa mara ya kwanza Machi 20, 1971, Dave akiwa na Buffalo, Ken akiwa na Montreal, mechi zake za mwanzo kabisa. Rogie Vachon aliumia, Ken akaingizwa. Upande wa pili, Dave alikuwa amekwisha kutolewa; kocha wake akamrudisha langoni. Hakukuwahi kuwa na ndugu wawili makipa waliotazamana hivyo katika ligi ile. Baba yao alikuwa jukwaani. Mchezo ulipoisha, makipa wawili warefu wenye barakoa waliteleza kutoka kila upande, wakakutana katikati ya barafu, wakapeana mikono, na Forum nzima ikasimama.